Picha ya Mkono wa Ndeshi

Harufu ya majani ya ng'ombe, yaliyokatwa umande haujakauka, ndiyo harufu ya utoto wangu kule Uru. Tulikuwa na ng'ombe wawili zizini, na mimi na dada yangu Ndeshi ndio tuliowakatia. Masika moja, nikiwa na miaka kumi, Ndeshi aliteleza na mzigo kichwani akavunjika mkono. Baba akampeleka hospitali mjini Moshi, wakarudi jioni mkono ukiwa na plasta, na picha ya eksirei ndani ya bahasha kubwa ya kaki.

Picha ile ndiyo iliyonimaliza. Mama aliibandika kwenye kioo cha dirisha la sebuleni, na kila aliyekuja kutoa pole alisimamishwa pale auone ufa. Mjomba alileta maziwa, majirani wa usharika wakaleta mkungu wa ndizi, na mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, ukapikwa kwa ajili yake. Mimi nilikata majani ya watu wawili. Nilimwonea wivu mpaka chakula kikanishinda, na si kwa sababu ya mtori. Nilitaka watu wasimame hivyo, wanyamaze, watazame kilichomo ndani yangu. Wiki ya pili nikajifanya kiwiko kinauma. Mama alikikunja, akakikunjua, akanikabidhi mundu.

Mwezi haukuisha, goti likanigeuka kweli kwenye mteremko wa mtoni. Nilisikia kitu kikikatika ndani, na likavimba kama papai. Nililia, nusu kwa maumivu, nusu kwa furaha, maana zamu yangu ilikuwa imefika. Hospitali wakanipiga picha. Mama aliinyanyua kwenye mwanga, akautafuta ufa huku na huku, asiuone. Kwetu picha ilikuwa shahidi. Isipoonyesha kitu, basi hakuna kitu.

"Mfupa ni mzima kabisa," akasema kwa upole, na upole ule ndio uliouma. "Mwanangu, mwache dada yako apone."

Uvimbe ulipopungua nikarudi kwenye majani nikichechemea, na nyumba nzima ikaamini kuwa najifanya.

Mwaka jana nilipimwa goti hilohilo kwa MRI, nimelala ndani ya mashine inayogonga bila kuchoka. Daktari kijana, aliyeanza kwa shikamoo, alinionyesha kano inayoshikilia mifupa ya goti, iliyochanika miaka mingi iliyopita. Akaeleza kwamba eksirei huona mfupa vizuri, lakini kano haioni. Mtoto wa siku hizi angeaminiwa siku hiyohiyo. Mimi nimeaminiwa nikiwa na mvi, na Mama alishafariki.

Nilimpigia Ndeshi simu nikamweleza yote, hata ule wivu.

"Hivi mimi nilivunjika mkono gani vile?" akaniuliza.

Wa kushoto, nikamwambia. Alipona vizuri hadi akasahau, na kwa hilo namwonea wivu mpaka leo.