Kichwa cha Filimbi Alichonichagulia Mume Wangu

Siku niliyopoteza kiti changu kwenye orkestra, kiongozi wetu aliniuliza swali moja tu mbele ya watu wote.

"Mama, nani alikuchagulia hicho kichwa?"

Nikasema mume wangu. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, na mkisikia yaliyofuata na nyinyi mtaacha kucheka.

Ngoja niwaeleze wasiojua. Napiga filimbi, ile ndefu ya fedha inayoshikwa kwa ubavu. Inaungwa kwa vipande, na kipande cha juu, chenye tundu la kupulizia, ndicho tunachokiita kichwa. Sauti yote inaanzia pale. Ukibadilisha kichwa, umebadilisha filimbi.

Changu kilianguka sakafuni kikabonyea. Na ulikuwa msimu wa majaribio: nikipita, kiti cha filimbi ya kwanza ni changu moja kwa moja. Kiti hicho nilikiota tangu usichana wangu, jamani.

Nikaenda dukani. Muuzaji, mama mmoja mwenye maneno mengi, akanipa vichwa viwili nijaribu.

Cha kwanza tundu lake lilikuwa na kingo kali. Ukipumua tu, kimeshalia. Sauti inapasua hewa.

Cha pili kilikuwa kizito kidogo kuitika, lakini ukikibembeleza kinakupa sauti nene, yenye joto. Na mimi pumzi zangu ni za taratibu, sipulizi kwa fujo. Midomo yangu ilikipenda papo hapo.

"Mdomo umeshajibu huo," muuzaji akasema. "Chukua cha pili uende zako. Hicho kingine kitakukimbia."

"Acha kwanza nikamsikilizishe mzee nyumbani."

Ndivyo tunavyofanya wapiga filimbi. Unachokisikia wewe uliyeishika sicho kinachowafikia watu. Kwa hiyo unatafuta mtu, anakupa mgongo, unabadilisha vichwa bila kumwambia, yeye anasema kipi. Dukani wanakuruhusu uondoke navyo ukajaribu.

Na mimi kwa masikio nilikuwa tajiri. Mume wangu ni fundi wa piano, kazi yake ni kuzirudisha kwenye sauti zake. Waya ukilegea kidogo tu, anaujua. Kwenye ndoa yetu macho ni yangu, masikio ni yake.

Akakaa sebuleni, akaelekea ukutani. Nikapiga cha kwanza, nikapiga cha pili, nikavichanganya.

"Hicho!" Kila nilipopiga cha kwanza. "Hicho hicho, bibie."

"Una uhakika? Mimi naona kinapiga makelele."

"Nani fundi hapa?"

Cha pili nikakirudisha dukani shingo upande.

Mazoezi ya kwanza tu, jirani yangu wa fidla akasogeza kiti chake pembeni. Nikajipa moyo kuwa kichwa kipya bado hatujazoeana.

Kiongozi wetu, tuliyempachika jina la Fimbo kwa sababu ya kile kijiti chake, akawa ananionyesha kiganja: shusha, shusha. Nikishusha pumzi, sauti inakatika. Nikiongeza, inatoboa.

Mwenye akili zake angerudi dukani. Mimi nilijiambia masikio ya mume wangu hayakosei, basi mwenye kasoro ni mimi. Nikakazana kufanya mazoezi mpaka midomo ikavimba.

Siku ya kuamua kiti, Fimbo akaisimamisha orkestra nzima katikati ya wimbo.

"Mama, hapa siyo uwanja wa mpira. Unanipa penalti?"

Ndipo akaniuliza lile swali. Kiti akapewa mwingine, mimi nikaambiwa nipumzike kidogo. Na mnajua maana ya kupumzishwa.

Nikarudi nyumbani nimefura. Njia nzima nampangia mume wangu maneno.

Nikabamiza mlango. Hakugeuka.

Alikuwa amepiga magoti mbele ya piano yetu. Ana kile chuma chenye ncha mbili wanachogonga mafundi ili kupata sauti ya kuanzia. Anakigonga gotini, halafu anaking'ata kwa meno na kufumba macho. Anabonyeza piano, anaegemeza paji la uso kwenye ubao wake, anatulia hapo. Anaanza tena.

Nikamwita. Nikamwita tena kwa sauti. Nilipomgusa bega aliruka, chuma kikaanguka.

Hasira zote zikaniishia palepale.

"Tangu lini?"

Aliitazama midomo yangu kwanza, ndipo akajibu. "Muda sasa. Zilianza kuondoka sauti laini. Nikasema zitarudi."

"Na wateja?"

"Ulidhani hawaniiti kwa sababu kazi ni chache tu?"

"Sasa kwa nini ulinichagulia? Si ungesema hujui! Kiti changu kimekwenda!"

Hapo akalia. Mwanaume huyu sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika mama yake.

"Ulipopiga kile cha pili, nilikaa pale ukutani sikusikia kitu," akasema. "Nikadhani umetoka sebuleni. Halafu ukapiga kile kingine, nikakusikia. Nikakusikia wewe, mke wangu. Ningekuambiaje ukirudishe?"

Nilimchukia na kumhurumia kwa pamoja. Mficha maradhi, wahenga walishamaliza. Nikampeleka kwa daktari, naye alitusikiliza mpaka mwisho, akasema tumechelewa.

Kile kichwa cha pili kilikuwa kimeshanunuliwa. Basi kile kikali nikabaki nacho, nikawa nampigia mume wangu kila jioni, madirisha tumefunga. Majirani walinuna. Yeye alikuwa anatabasamu.

Juzi alikuwa jikoni anaosha vyombo, amenipa mgongo. Nikasimama nyuma yake kabisa, nikapiga kwa pumzi zangu zote.

Akasema bila kugeuka, "Mke wangu, leo hupigi?"

Nilimaliza wimbo. Sikujua nifanye nini kingine.

Funzo langu ni hili, ndugu zangu. Ukienda kuchagua kichwa cha filimbi, sikiliza mdomo wako na pumzi zako, maana hakuna atakayekupulizia. Na huyo unayemwamini akusikilize, siku moja mgeuze umwangalie usoni. Mimi nilimwuliza mume wangu filimbi inasikikaje, tena na tena. Yeye anasikiaje, sikumwuliza hata mara moja.