Fundi wa Kibarazani

Mtaani walimwita Bi Mita, kwa kuwa mita yake ya kitambaa haikupata kuzidi hata kwa upana wa kidole. Mkono wa birika, ulimi wa pilipili. Duka aliachiwa na marehemu mumewe, na pamoja na duka akaachiwa shemeji, fundi cherehani mwenye mguu mbovu, aliyeshona pale kibarazani tangu ujana.

Mtu akinunua kitambaa ndani, anapimwa nje. Akingojea kupindiwa suruali, anakunywa chai kwa jirani, anachungulia kwa muuza viatu, anaondoka na mfuko wa pili. Mtaa mzima ulikula kwa kungojea huko. Bi Mita hakuliona hilo. Alichokiona ni lile jumba jipya la maduka kule barabara kuu, vioo vitupu na sakafu ya kujitazamia uso.

"Shemeji, ondoka hapo, unaziba mlango," alimwambia asubuhi moja mbele za watu. "Kiguru na matambara yake! Nani ataingia?"

"Niende wapi, shemeji?"

"Kwani nimekuzaa mimi?"

Muuza chai akamwonya, "Dada, usiache mbachao kwa msala upitao." Naye akatukanwa. Hata cherehani fundi hakupewa, eti ni mali ya marehemu. Bi Mita aliipaka rangi ya dhahabu, akaiweka nyuma ya kioo kipya alichotia mbele ya duka iwe pambo. Alijiona amepatia, mjinga yule.

Wateja waliingia, wakashika kitambaa, wakauliza, "Fundi yuko wapi?" Wakisikia hayupo, wanakiacha hapohapo, wanakwenda jumbani kununua nguo iliyokwisha kushonwa. Muuza chai akafunga, muuza viatu akafuata. Bi Mita akabaki anafuta kioo.

Mwishowe alimeza kiburi, akamfuata shemejiye kule jumbani, alikosikia ameajiriwa. Alimkuta langoni, amevaa sare ya bawabu, amesimamia mguu uleule mbovu, hana hata kigoda.

"Rudi, shemeji. Duka linanifia. Cherehani nitakupa."

"Ile uliyoipaka rangi? Bado inazunguka?"

Rangi ilikuwa imegandisha gurudumu zamani.

Fundi hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma Bi Mita zaidi. Nyuma ya fundi watu walikuwa wamekwama na mifuko yao, na msimamizi wa jumba ametoa macho.

"Sogea kidogo, shemeji," fundi alisema taratibu. "Unaziba mlango."

Bi Mita akasogea.