Ninakili Kutoka Wapi?

Kwa miaka mitano nilimfundisha binti yangu Jolene kuandika kwa kumpa cha kunakili. Kila asubuhi, tukishamaliza uji wa shayiri, nilimwekea kitabu mbele yake, naye aliihamisha aya moja kwenye daftari, neno kwa neno, nukta kwa nukta. Mwandiko wake ukawa mzuri hata mchungaji akamwomba aandike majina kwenye vyeti vya ubatizo. Hapa Missouri, wengi tunaosomesha watoto nyumbani huanza hivyo. Mtoto akifika miaka minane au tisa, wenzangu humtoa hapo, aanze kuandika yake. Mimi sikumtoa. Sasa alikuwa na kumi na moja.

Mume wangu Dwight, dereva wa lori la nafaka, ndiye aliyeanza kuuliza. Alipekua madaftari yote matano, akayafunga.

"Mazuri," akasema. "Lakini yake yeye yako wapi? Nataka nione kitu chake mwenyewe kiangazi hiki, Rhonda. La sivyo Agosti anapanda basi la shule."

Jolene alisikia. Siku hiyo hakumaliza chakula.

Kwa hiyo mwezi wa Mei nilimchukua tukaenda kanisani, chini kwenye ukumbi, ambako akina mama huuziana vitabu vya masomo vilivyokwisha kutumika. Gretchen Lundy, aliyesomesha watoto saba nyumbani kwake, alikuwa amepanga maboksi yake karibu na birika la kahawa.

"Rhonda, njoo huku kabla Wabaptisti hawajaifagia meza," aliniita. Akamgeukia Jolene. "Huyu ndiye mwenye mwandiko? Haya bibie, niandikie mistari mitatu kuhusu asubuhi yako, nijue nikupe ngazi ya ngapi."

Jolene alishika penseli, mgongo wima kama nilivyomfundisha. Aliitazama karatasi, kisha akanitazama mimi.

"Mama, ninakili kutoka wapi?"

Gretchen alicheka. "Kutoka kichwani, mpenzi. Huko ni bure." Halafu akaona kwamba mtoto hatanii, akaacha kucheka.

"Ana aibu mbele ya watu," nikasema.

Ulikuwa uongo, na Jolene aliujua. Aliiweka penseli polepole, akaenda kwenye meza ya maji ya limau.

Mbele yangu palikuwa na maboksi mawili. La kwanza lilikuwa na vitabu vya kunakili vya ngazi ya juu, vyenye picha za ndege. La pili lilikuwa na mtaala wa hatua kwa hatua: mtoto anasoma habari fupi, anachagua maneno matatu kwa kila sentensi, anafunga kitabu, anaisimulia upya kwa maneno yake. Mkono wangu ulikwenda kwenye ndege.

"Unaogopa nini?" Gretchen akauliza.

"Kusahihisha. Akinakili, naweka kitabu kando ya daftari, kosa naliona. Akiandika yake nitajuaje? Shule niliacha darasa la kumi, nikaenda kiwanda cha kuku."

"Jolene anajua?"

Nilikirudisha kitabu cha ndege kwenye boksi.

"Mimi nimefundisha saba," akasema, "na mpaka leo koma zinanipiga chenga." Akanisukumia boksi la pili.

Jumatatu tulianza, mezani jikoni. Habari ilihusu biva, wale wanyama wa mtoni wanaoangusha miti kwa meno na kuziba mto. Jolene alichagua maneno yake matatu matatu vizuri. Nilipomwambia afunge kitabu, alikifunga, kisha kidole chake kikainua jalada kidogo. Nilikishika kidole hicho. Kilikuwa baridi.

"Siwezi, mama. Nitakosea."

"Kosea. Mimi pia nakosea."

"Wewe hukosei. Wewe ndiye unasahihisha."

Ningeweza kunyamaza hapo. Nilikuwa nimenyamaza miaka mitano, nikauita unyamavu huo mtindo wetu wa kusoma, na mtoto ndiye aliyeulipia.

"Nilikuwa naangalia kitabuni, Jolene. Mwenyewe nilikuwa sijui."

Alichomoa kidole mkononi mwangu. "Miaka yote?"

"Miaka yote. Shule sikumaliza. Niliogopa utaniona."

Nilidhani atalia, au atainuka aniache. Alivuta daftari, akaandika, akafuta, akaandika tena. Mstari ulipanda juu kidogo upande wa kulia, jambo ambalo halijawahi kutokea. Akanigeuzia.

*Mama pia alikuwa ananakili, na mimi sikujua.*

Hapakuwa na biva hata mmoja. Kifutio kilikuwa mkononi mwangu. Niliitazama ile koma. Sikujua kama iko mahali pake. Nilikirudisha kifutio kwenye kopo.

Lori la Dwight lilipoingia uani, daftari lilikuwa bado mezani. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kugeuza ukurasa. Nililiacha wazi.