Kura ya Kumwangusha Mzee Faki

Nakumbuka siku moja kule Durban, mwanangu, na kila nikiikumbuka nachoka upya.

Nilikuwa kijana kutoka Tanga, kibarua katika kiwanda cha Pinetown. Fundi wetu mkuu alikuwa Mjapani wa makamo, Bwana Kenji, mtu wa maneno machache. Nikasikia kwamba kwao waliking'oa chama kilichotawala tangu yeye mtoto, nikafurahi kuliko mwenyewe. Maana sisi Watanzania tulikuwa na chama chetu cha kuzikana, na mwenyekiti, Mzee Faki wa Chatsworth, alikuwa hashauriki wala hatikisiki. Nikamwuliza Kenji: mliwezaje?

Akacheka kichovu. Akanieleza kuwa vyama vingi viliungana, watu wakashangilia, kisha yakaja masuala ya kodi na ya mchele wa kutoka nje, kila chama kikavutia kwake. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Haukupita muda wale wa zamani wakarudi serikalini, na shida ziko palepale.

"Tulikubaliana nani atoke," akaniambia. "Kazi ya kesho yake hatukukubaliana."

Hilo la pili sikulisikia. Sikio la kufa halisikii dawa. Jumapili tukapiga kura, Mzee Faki akaanguka. Eish, tulivyoimba!

Wiki haijaisha, Shabani, mwenzetu wa Glenwood, akafariki. Tulikuwa viongozi wapya wanne, kila mmoja akidhani mwenzake amekwenda hospitali kuchukua maiti. Jua likazama, kukakucha, na mjane wake yuko mkekani anauliza tu mumewe yuko wapi. Mwanangu, aibu ile mpaka leo sijaimaliza.

Tukaenda Chatsworth vichwa chini. Mzee Faki alikwisha kusikia. Sanda iko tayari, waoshaji wamekaa wanangoja. Akatutazama.

"Kuniondoa mlijipanga," akasema. "Kumzika Shabani mlimpanga nani?"

Akatutangulia garini, tukaenda kumchukua Shabani hospitali, akaoshwa, tukamzika.

Sasa nawe umekuja kuniomba kura mumwondoe mwenyekiti wa chama cha kuzikana cha hapa mtaani. Nitakupa, maana asiyeshaurika na atoke, hata Mzee Faki ilimstahili. Ila kwanza nitajie atakayeosha maiti kesho yake, na uniambie kama mwenyewe amekubali. Ukishindwa, rudini mkajipange. Kung'oa ni kazi ya siku moja, mwanangu. Kupanda tena ndiko kunakochosha.

Haya, nenda. Mungu akupe mabega ya kubeba hicho unachokitaka, na siku yako ikifika, usikose wa kukuzika.