Puto Juu ya Kabati

Usiku ule tulikuwa tumetoka kumaliza arobaini ya Zaina, nami nikalala na kanga ya kupikia bado kiunoni, hoi kabisa. Zaina alikuwa shoga yangu na mwenzangu wa kazi. Miaka mingi tulipamba kumbi za sherehe hapa Morogoro, yeye maputo, mimi vitambaa. Binti yake Mwajuma, wa miaka saba, sasa analala chumbani kwangu, kwenye godoro chini ya dirisha.

Juu ya kabati nilikuwa nimeficha puto jekundu. Kwenye sherehe yetu ya mwisho nilisahau pampu nyumbani, na Zaina, na kile kifua chake kigonjwa, akayapuliza maputo yote kwa mdomo huku akinicheka: "Leo pampu, kesho utamsahau bibi harusi!" Wiki chache baadaye tukamzika. Lilibaki hilo moja lenye pumzi yake, na sikumwonyesha mtu, hata mtoto. Ningemwambia nini? Kwamba mimi ndiye niliyemmaliza mama yake?

Basi nikasikia mlio ninaoujua, wa puto linaloachiwa hewa polepole. Nikafumbua macho. Chumba ni kilekile, ila ukuta wa upande wa mlango haupo, na pale ulipokuwa kuna ukumbi, viti vimepandishwa juu ya meza. Zaina amekaa sakafuni, kanyoosha miguu, anafungua maputo.

Ndivyo alivyokuwa. Wenzake tukigombania pilau lililobaki, yeye anakusanya maputo. Hakuyapiga fundo hata siku moja. Aliyafunga shingo kwa uzi wa cherehani ili yafunguke. Alimwekea Mwajuma sikioni asikilize hewa ikitoka, kisha akayaosha kwa sabuni, akayapaka poda, akayaweka. Makubwa yalifunika chupa za achari. Shingo alizikata pete za kufungia mafungu ya mchicha. Mengine aliyajaza mchele ulioliwa na wadudu, yakawa mipira ya watoto wa mtaa mzima. Mimi nilimwita mama jalala, na chupa yake ya mwisho ya achari ilikuja kwangu pamoja na mtoto.

Sasa anafungua puto jingine. Uso ni wake, ila kifua hakipandi. Nakitazama, nasubiri kiinuke, hakipandi. Naogopa. Nataka kumwamsha mtoto, sauti haitoki.

Puto jekundu liko mapajani mwangu, sijui limefikaje. Nashika ncha ya uzi, nafungua. Nazungusha, nazungusha, uzi hauishi. Unajaa mapajani, unamwagika sakafuni, unafunika miguu ya meza. Meza zimekuwa vitanda vya wodi, vitupu vyote, na Zaina yuko palepale. Sasa nasikia kifua chake kikikoroma kama siku ile ya mwisho hospitalini, na mlio unatoka ndani ya puto.

"Nisamehe," nasema. "Pampu niliisahau mimi."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyechoshwa na habari ya zamani.

"Kifua kilikuwa kibovu kabla ya pampu, shoga. Achari yangu imeingia sisimizi, na wewe umekalia pumzi yangu."

Nikamuuliza nifanye nini. Akageuka kuelekea godoro lililo chini ya dirisha, akalitazama muda mrefu, na hapo tu ndipo nilipomwona analia.

"Mpe huyo," akasema. "Anajua kusikiliza."

Nikaamka. Kumekucha, na mkono umekufa ganzi. Nikapanda kiti, nikalishusha puto. Limenywea, limebaki kama ndimu. Nikamwamsha Mwajuma, nikamweleza habari ya pampu na jinsi nilivyomficha hilo puto. Ndoto sikuitaja, sikutaka kumtisha.

Alilichukua puto, akashika ncha ya uzi, akazungusha mara tatu tu, uzi ukaisha. Akaliweka sikioni. Hewa ilikuwa kidogo sana, mimi sikusikia kitu. Yeye alifumba macho, akakaa hivyo hata baada ya puto kulala bapa kiganjani mwake.

Mimi nililia bila kujificha. Nilidhani nitamwona naye akilia, nimbembeleze, nijione nina faida. Badala yake aliinuka akaenda jikoni, nikasikia maji yakimiminwa kwenye beseni, kisha kifuniko cha chupa ya achari kikifunguliwa.

"Anti," akaita, "poda ya kupaka puto iko wapi? Achari ya mama imeingia sisimizi."

Nikaenda kuitafuta poda.