Gia ya Kwanza Mpaka Uwanjani

Mtaa mzima ulimwita Mama Viti, kwa sababu kazi yake ilikuwa kushona viti vya magari. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na katika magari yote aliyoyashonea hakuwahi kuendesha hata moja. La nyumbani lilikuwa la mumewe, fundi makanika: gari kuukuu la kulala, lenye kitanda cha kukunja, jiko dogo na sinki la bati. Mzee alilifufua kwa miaka kumi na moja, akiwa na hamu siku moja alipeleke kwenye maonyesho ya magari ya zamani ya mkoa. Alipokaribia kumaliza, kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ukalala, maneno yakamgomea.

Mdogo wa mume akaja na ushauri. "Shemeji, tuliuze tu. Kaka hawezi, na wewe usukani huujui."

"Nitaujua," Mama Viti akajibu, akakata uzi kwa meno.

Akajiandikisha shule ya udereva pamoja na vijana waliomwamkia shikamoo kila asubuhi, kisha wakamcheka alipogonga ndoo za mazoezi. Mtihani ukamwangusha mara mbili. Mara ya tatu akarudi nyumbani na leseni, akaiweka mezani mbele ya mumewe. Mzee akaitazama, akajikongoja hadi uani, akafungua mlango wa gari.

Akamfundisha kwa mkono wa kushoto. Akigonga dashibodi mara moja, panda gia. Mara mbili, shuka. Mkewe akikosea, mzee alifumba macho kama mtu aliyeumwa jino. "Usinifumbie macho, baba watoto," alisema. "Sema na mimi." Naye akagonga tena.

Siku ya maonyesho walitoka alfajiri. Mlimani magari yote yaliwapita, hata la kubeba mchanga. Mama Viti hakujali; mwendo wa kobe nao ni mwendo. Lakini hatua mia mbili kabla ya lango la uwanja alikanyaga klachi ili abadili gia, ikazama chini ya mguu kama tope. Waya wake ulikuwa umekatika. Gari likazimika katikati ya njia.

Msimamizi wa maonyesho akaja na orodha mkononi. "Pole, mama. Tutalivuta liingie, ila halitasajiliwa. Sharti liingie kwa nguvu zake na lizunguke uwanja mara moja."

"Basi msilivute."

"Sasa litaingiaje bila klachi?"

Mama Viti akamgeukia mumewe. Mzee akaonyesha gia ya kwanza, akaonyesha ufunguo, kisha akasukuma hewa kwa kiganja: twende. Mama Viti akaelewa. Gari likiwashwa likiwa ndani ya gia halingesubiri mtu. Kusimama ni kuzima.

"Waambie watupishe njia," akamwambia msimamizi.

Akatia gia ya kwanza, akazungusha ufunguo. Gari likaruka kama mbuzi aliyekatikiwa kamba, vikombe vikalia kabatini, injini ikashika. Wakapita langoni huku msimamizi akikimbia mbele akipiga mayowe, "Pisheni! Hana klachi!" Watu wakasogeza viti vyao. Akazunguka uwanja wote kwa gia ile moja, jasho likimtoka, mzee kando yake akipiga dashibodi kwa furaha, sasa bila hesabu yoyote.

Kikombe cha ushindi kilikwenda kwa daktari wa meno mwenye gari dogo jeusi linalong'aa. Wao walipewa kibati chenye namba ya mshiriki, na nafasi ya mwisho, karibu na vyoo. Hata hivyo mafundi wazee walikuja mmoja mmoja, wakafunua boneti, wakauliza maswali. Mzee aliwajibu kwa kidole, nao walimwelewa vizuri kuliko madaktari wake.

Mmoja wao alikuwa na waya wa akiba. Jioni watu walipopungua uwanjani, akataka kuufunga mwenyewe.

"Asante, kaka yangu," Mama Viti akasema, "lakini njiani ukikatika tena, wewe hutakuwepo."

Akatandika gunia, akalala chini ya gari. Mzee akaketi kwenye ngazi ya mlango, akaelekeza kwa fimbo. Ilichukua saa mbili na vidole viwili kuchubuka. Kesho yake akaendesha hadi nyumbani, na mwezi uliofuata wakajiandikisha kwa maonyesho ya mkoa wa jirani.