Gurudumu Bubu la Fundi Thani

Kiangazi cha 1969, saa kumi na moja alfajiri, Ruwi, nje ya kuta za Maskati, na kizingiti cha mlango tayari kinaunguza nyayo. Upepo wa gharbi, ule unaotoka jangwani mkavu na wenye moto, umevuma usiku kucha. Fundi Thani bin Marhoon, seremala wa miaka arubaini na saba, anaingia shambani kwa Bi Rahila na gurudumu la mbao begani. Ukilisimamisha linamfika kiunoni.

Anaitazama mindimu. Majani yamejikunja na ndimu changa zimetapakaa chini, ngumu na nyeusi.

Leo ni siku ya sita tangu kisima kinyamaze.

Msomaji aliyezoea kufungua bomba na avumilie kidogo. Hapa kila shamba lina kisima, na juu ya kila kisima kuna gurudumu, wenyeji huliita manjur. Kamba hupita juu yake. Upande mmoja kuna ndoo ya ngozi, imezama katika shimo la pima nane. Upande mwingine kuna ng'ombe dume anayeivuta akishuka mteremko. Na kila anaposhuka, gurudumu hulia. Ni mlio mrefu, unapanda, unashuka, unavuka bonde zima hadi milimani. Mwandishi wa habari hizi alipousikia mara ya kwanza alisimama njiani mdomo wazi, asijue kama ni mnyama au ni ngoma ya aina gani.

Cha kustaajabisha zaidi ni kwamba gurudumu huachwa lilie kwa makusudi. Halipakwi mafuta hata tone. Watu wa Ruwi hujua ni kisima cha nani kinachofanya kazi kwa sauti yake tu, wakiwa wamelala juu ya mapaa yao. Ng'ombe naye hutembea kwa sauti hiyo. Mlio ukiwa mzito, anajua ndoo imejaa na anavuta. Ukiwa mwepesi, anajua imemwagwa, anageuka na kupanda.

Mabruk, dume wa Bi Rahila, ametembea na sauti moja kwa miaka kumi na moja, mara mia mbili kwa siku. Ijumaa iliyopita gurudumu hilo, lililotengenezwa na babu wa marehemu mumewe Majid, lilipasuka vipande viwili.

Jirani mmoja aliwaazima la kwake la akiba. Mabruk alilisikia, akasimama. Alibembelezwa kwa tende, akasimama. Bakhit, mzee anayemwendesha, anasema kwa Kiarabu kwamba aliinua fimbo mara moja tu, na Bi Rahila akamwambia aitupe. Tangu hapo wanateka kwa mikono, maji ya kunywa watu na wanyama tu. Madume ya majirani hayana nafasi, kwa joto hili kila shamba lina kiu yake.

"Leo ndo mwisho," anasema Bi Rahila, mjane wa miaka sitini aliyekulia Wete, Pemba, na Kiswahili chake bado ni cha kule. "Mindimu haiwezi siku ya saba. Mabruk akikataa na hili, basi, nnafunga mlango nnahamia kwa dada yangu Matrah. Mitende arubaini na mbili na kisima alichonachia Majid, yote naiwacha. Ntafanyaje?"

Fundi Thani anayasikia maneno hayo akiwa amepiga magoti, anapima tundu la gurudumu lake mara ya tatu. Ana sababu yake.

Unguja, mtaa wa Malindi, alikuwa fundi wa milango. Sifa yake ilikuwa moja: mlango wa Thani ulifunga bila sauti. Mwaka 1964, baada ya mapinduzi, alivuka na mkewe Hamdiya na wanawe watatu, na sanduku moja lililofungwa kwa kamba. Sanduku hilo halijafunguliwa hadi leo. Kila mwaka Thani husema mwakani wanarudi.

Mwaka 1965 alipata kazi yake ya kwanza hapa: marehemu Majid, mume wa Bi Rahila, alimwagiza gurudumu jipya ili la babu yake lipumzishwe.

"Nkalitengeneza kwa moyo wangu wote," anasimulia. "Nkalipiga msasa siku nne. Nkachukua chupa ya mwisho ya mafuta ya nazi niliyokuja nayo, nkaimimina yote. Wallahi, likazunguka kimyaa, hata nzi angelilala juu yake. Nkasema, leo watanijua Thani ni nani."

Walimjua kweli. Asubuhi hiyo Mabruk alikwenda hatua tatu, akageuka nyuma kuangalia kumetokea nini. Na majirani, ambao walizoea kusikia kisima cha Majid tangu wazaliwe, wakasikia kimya. Hapa gurudumu husimamishwa mchana kwa jambo moja tu, msiba. Bi Shaikha, jirani wa pili, alifika mbio analia, kajitanda mtandio mweusi, akamkuta marehemu wake amekaa mkekani anakunywa kahawa.

"Majid alicheka mpaka akakohoa," anakumbuka Bi Rahila. "Akamwambia, fundi, kazi yako nzuri, lakini umenletea bubu."

Gurudumu la babu likarudishwa mahali pake. Thani alikwenda nyumbani na aibu yake na hakutoka siku mbili. Miaka miwili baadaye kisima kikanyamaza tena mchana, na safari hiyo Bi Shaikha hakukosea. Majid alikuwa amefariki.

Tangu lile kosa Thani amejifunza upya. Ametengeneza magurudumu sita katika mashamba mengine, na yote yanalia. Lakini hakuna aliyewahi kumtaka aigize sauti ya gurudumu lililokufa.

"Sie sote twamjua yule," anasema Hamdiya, mke wa Thani, kuhusu gurudumu la babu. "Mwanzo nlikuwa silali, nnasema nani huyo anaugua? Sasa hizi siku sita za kimya ndo silali. Hata watoto wanauliza."

Jua limetoka. Gurudumu jipya limepandishwa baina ya magogo mawili ya mtende. Bakhit anamgusa Mabruk shingoni.

Gurudumu linalia, mlio mwembamba na wa juu. Mabruk anasimama.

Thani analishusha, anachonga tundu la kati, analirudisha. Mara ya pili, Mabruk bado hasogei. Mara ya tatu anatoa mhimili wa zamani kutoka gurudumu lililopasuka, ule mgunga uliolainika kwa miaka, na kuupitisha katika gurudumu jipya. Mlio unashuka kidogo. Mabruk anainua sikio moja, halafu analiteremsha.

"Mbao mbichi," anasema Thani. "Siku sita hazitoshi. Inataka jua la miaka, Bi Rahila, na sie hatunayo."

Bi Rahila anainua macho, anatazama juu ya paa la nyumba yake.

"Na yule bubu?"

Thani anamgeukia.

"Bubu wako, fundi. Majid hakumtupa. Nnaanikia tende juu yake kila mwaka."

Thani anapanda ngazi kama mtoto. Gurudumu liko pale, limekuwa jeupe kwa jua la viangazi vinne, na mafuta ya nazi yameliwa na gharbi zamani. Analigonga kwa kidole. Anaweka sikio. Analigonga tena.

Wanaliteremsha, wanalipitisha mhimili wa babu, wanaweka kamba. Bakhit hamgusi Mabruk.

Gurudumu linazunguka kidogo kwa uzito wa ndoo, na linasema. Sauti nzito, ya mtu mzima, inayopanda na kushuka. Si ile ile ya zamani hasa, wajuzi wanasema. Lakini Mabruk anainua masikio yote mawili, anavuta pumzi, na anashuka mteremko.

Maji yanamwagika birikani. Yanakimbilia mferejini, na vumbi linayanywa kwa sauti ya kusikika. Mwandishi ameona mambo mengi katika kazi hii, na hana haya kusema machozi yalimtoka. Majirani wanakuja mbio, Bi Shaikha mbele. Safari hii hakuvaa mtandio wa msiba.

"Mumesikia?" anawauliza Bi Rahila. "Anasema!"

Alasiri Thani yuko juu ya paa la nyumba yake. Amepanga vipande vinne vya mkunazi, vimekatwa leo. Anataka kuviacha hapo viangazi vinne, kisha atengeneze gurudumu ambalo halitamkatalia ng'ombe yeyote wa Ruwi.

"Mbao ya hapa haitaki haraka," anasema. "Hizi ntazigusa mwaka sabini na tatu, inshallah."

Hamdiya amesimama kwenye ngazi. "Sabini na tatu?"

"Ee."

Mkewe anamtazama. Upepo unasukuma kipande kimoja, Thani anakizuia kwa mguu.

"Nnataka kamba ya kuzifungia," anasema, bila kuinua uso.

Hamdiya anashuka. Anakawia. Kutoka chini inasikika pumzi ya mtu anayeshindana na fundo. Anaporudi ana kamba ndefu ya katani mkononi, na kucha moja imekatika.

"Ilikaza," anasema. "Nliifunga mwenyewe Unguja."